Mwana Kupona na Wasomaji Wake: Maneno Machache juu ya Ufeministi katika Uhakiki wa Kiswahili

Katika fasihi yetu ni vigumu kuupata utenzi uliotiwa kizimbani mara nyingi kama Utendi wa Mwana Kupona, na neno litumiwalo kwa wepesi kumshitaki mtungaji wake ni ufeministi. Mwanafunzi hufundishwa kuzihesabu beti zimwamuruzo mke amkande mumewe, ampepee, asimwamshe alalapo, asitoke nje bila ya ruhusa yake; kisha hukata hukumu ya kuwa bibi huyu alikuwa mateka wa ada za wakati wake, na kazi yake yapingana na ufeministi. Msomaji mwingine, aonaye haya kumhukumu mtungaji mkubwa kiasi hicho, husema kwamba maneno yale yote ni kejeli, na kwamba ndani yake mna mafunzo ya siri ya kumtawala mwanamume. Hukumu hizi mbili zaonekana kupingana, walakini zimezaliwa na kosa moja, nalo ni kudhani kwamba ufeministi ni mizani ya kumpimia mwandishi ili ijulikane kama amewasifu wanawake au amewadunisha. Kosa hilo limetufanya tuipite beti moja ya utenzi huu ambayo kwayo ufeministi ungekuwa na kazi kubwa zaidi ya kufanya.

Yako makosa mengine yasemwayo juu ya neno hili, ambayo hayahitaji maneno mengi. Husemwa kwamba ufeministi umekuja na meli. Neno limekuja na meli, hapana ubishi, na hata umbo lake halijatulia, maana wako waandikao ufeministi na wako waandikao ufeminia. Lakini fasihi, riwaya, tamthilia na nadharia ni maneno yaliyokuja kwa jahazi, wala hatujapata kumsikia mtu akikataa kusoma riwaya kwa sababu hiyo. Husemwa tena kwamba ni chuki juu ya wanaume. Msemaji wa neno hilo na akaisome Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980, ambamo mwanamume ametueleza nyumba ya Bwana Maksuudi iliyofungwa kama gereza juu ya mke na binti. Kisha atuambie chuki iko wapi na juu ya nani. Shaaban Robert naye alikuwa mwanamume, na alipotaka kuandika wasifu wa mtu mwingine akamchagua mwimbaji wa kike wa Unguja. Juu yake tutasema baadaye.

Kosa lenye madhara zaidi kwa mhakiki limetokana na tafsiri. Ufeministi mara nyingi hufasiriwa kuwa utetezi wa wanawake. Utetezi ni kazi ya wakili, na wakili hana budi kumsifu mteja wake. Kwa tafsiri hiyo wasomaji wetu wametarajia kwamba kazi ya kifeministi ni ile yenye mwanamke mwema, hodari, mshindi, na kwamba mwandishi wa kike ana wajibu wa kumwumba mwanamke wa namna hiyo. Penina Muhando hakuukubali wajibu huo. Katika Nguzo Mama, tamthilia yake ya mwaka 1982, wanawake, ambao hata majina yao ni hesabu tu, Bi Moja hata Bi Nane, wanajaribu kuisimamisha nguzo yao na nguzo haisimami. Miongoni mwa sababu za kutosimama kwake ni tofauti zilizo baina ya wanawake wenyewe. Mwenye kutafuta sifa ataondoka mikono mitupu. Lakini mwenye kuuliza jinsi nguvu zinavyogawanywa, nani anazo, nani hana, na nani huzitumia kwa niaba ya mwingine, atapata chakula cha kutosha. Kwa maoni yangu swali hilo ndilo ufeministi katika uhakiki, na kwa swali hilo na tumrudie Mwana Kupona.

Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mtu wa kisiwa cha Pate. Mumewe, Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa Siyu aliyepigana na majeshi ya Seyyid Said katika miaka ya 1840. Utenzi ulitungwa yapata mwaka 1858, mume akiwa amekwisha kufa na mtungaji mwenyewe akiwa mgonjwa, naye amwita binti yake, Mwana Hashima, aje na wino na karatasi. Yafaa tusimame kidogo hapa. Kitu cha kwanza kiombwacho katika utenzi huu uhesabiwao kuwa kitabu cha unyonge ni vyombo vya kuandikia, mwombaji ni mwanamke, na aambiwaye ni mwanamke. Na kabla ya kumaliza mtungaji awaita wanawake wausome. Msomaji aliyekusudiwa, basi, ni mwanamke ajuaye kusoma. Haya hayasemwi mara nyingi, na yamkini sababu moja ni jina ambalo utenzi ulivikwa ulipochapishwa na Alice Werner na William Hichens mwaka 1934. Kichwa chao cha Kiingereza chaufanya wote kuwa mawaidha juu ya wajibu wa mke. Beti zimhusuzo mume hazifiki nusu ya utenzi. Zilizobaki ni za dini, adabu kwa watu, kumbukumbu za ndoa yake, na dua ndefu ya mama kwa ajili ya watoto wake na jamaa zake. Lakini kichwa kikishafungwa juu ya mlango, wageni wote huingia kwa mlango huo.

Hata hivyo beti zile zipo, nasi hatuna ruhusa ya kuzifuta. Mtungaji asema kwamba radhi ya mume ndiyo njia ya mke siku ya kiyama, na kwamba mke atakwenda huko ambako mumewe atapenda aende. Baadhi ya wahakiki, na Ann Biersteker katika makala yake ya mwaka 1991 ni wa kutajwa, wametuonyesha kwamba palepale binti aambiwa amlee mume kama mtoto asiyejua kusema, na wakatuuliza ni utii gani huo umfanyao mtiiwa kuwa mtoto mchanga. Ni swali zuri, na limeamsha usomaji uliokuwa umelala. Lakini mimi siwezi kufika nao mpaka kwenye kejeli. Mama aliye katika maradhi ya kufa, anayeamini akhera kwa yakini, hamwachii binti yake wasia wa mzaha juu ya pepo na moto. Nionavyo, Mwana Kupona ameamini yote mawili kwa pamoja: kwamba mume ana ufunguo, na kwamba mwenye ufunguo huyo ni mtu wa kulishwa, kubembelezwa na kuchungwa. Hapana fumbo katika jambo hilo. Aliye chini hulazimika kuijua tabia ya aliye juu, kulala kwake na kuamka kwake, hasira yake na njaa yake. Aliye juu halazimiki kujua neno. Utenzi ni ghala ya maarifa ya namna hiyo, yaliyokusanywa na mwanamke mwenye akili kali katika miaka ya ndoa yake, na yaliyohesabiwa kuwa mali ya kumrithisha binti. Kuyaita utumwa ni kuyadharau, na kuyaita utawala ni kuyakuza kupita kiasi, kwa maana kumjua mwenye ufunguo si kuwa na ufunguo.

Na sasa ile beti. Katika mawaidha yake juu ya adabu, mtungaji amwonya binti asichangamane na watumwa isipokuwa wakati wa kazi, wasije wakamvuta kwenye mabaya. Ni beti moja tu, hupita upesi, na wahakiki wengi hupita nayo, hata wale waliokaa siku nzima juu ya kumpepea mume. Lakini katika nyumba ya muungwana wa Siyu, ambamo bibi hatoki ila kwa ruhusa, binti angekaa na nani kila kutwa, kama si na wajakazi? Wanawake hao ndio, kwa kazi yao, waliozijua tabia za bibi wao kama bibi alivyozijua tabia za bwana wake. Maarifa yale yale aliyoyatungia utenzi alipoyatumia yeye kwa mumewe, aliyafungia mlango yalipokuwa katika vichwa vya watumwa wake. Ufeministi uliofasiriwa kuwa utetezi wa wanawake hauwezi kuiona beti hii, kwa sababu wakili akisimama kumtetea Mwana Kupona hawezi kuwaita wajakazi wake waje kutoa ushahidi.

Hapa lugha yenyewe yatusaidia, ingawa mara kwa mara huitwa kutoa ushahidi wa kinyume. Wako wasemao kwamba Kiswahili hakina haja ya maswali haya, kwani yeye ni mmoja kwa mume na kwa mke, na ngeli zetu hazibagui. Ni kweli kwamba ngeli hazibagui. Lakini mume huoa, mke huolewa; ushujaa ni kujikaza kiume; mkono wenye nguvu ni wa kuume, na wa kushoto kwa wazee uliitwa mkono wa kike. Na neno bwana, tulitumialo kila siku bila kufikiri, ni la mwenye watumwa na ni la mume pia. Mjakazi na mke katika nyumba moja waliweza kumwita mtu mmoja kwa jina hilo hilo, kila mmoja kwa maana yake. Mwenye kamusi huziandika maana hizo kwa tarakimu, ya kwanza, ya pili, kana kwamba hazijapata kukutana.

Hadhi ya utumwa iliondolewa katika sheria za Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya, ambamo Pate na Siyu zimo, mwaka 1907. Katika Unguja masuria waliachwa nje ya amri ya 1897, kwa hoja kwamba wao ni kama wake, na haki hiyo hawakuipata mpaka mwaka 1909. Kwa hiyo palikuwa na miaka kumi na miwili ambamo kufananishwa na mke ndiko kulikomzuilia mwanamke uhuru. Sijui ushahidi ulio mzito kuliko huo juu ya mambo mawili haya, ndoa na utumwa, yaliyokaa karibu karibu katika beti za Mwana Kupona.

Katika Unguja hiyo ndipo alipotokea yule aliyeandikiwa wasifu na Shaaban Robert. Alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, katika ukoo wa kinyonge, akauza vyungu, na jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa binti Saad. Siti, yaani bibi mwenye heshima, ni jina alilolipata mjini kwa kuimba. Katika nyimbo zake umo ule wa Kijiti, ambao waliliza mwanamke aliyeuawa na kulalamika kwamba mwuaji ametorokea bara na wanawake waliofuatana na marehemu ndio walioadhibiwa na mahakama. Wimbo ule hausemi ufeministi ni nini. Wauliza tu kwa nini adhabu imewaangukia walio chini, nao waliulizwa na mtu ambaye, kama angalizaliwa Siyu miaka thelathini mapema, tungalimkuta katika ile beti ipitwayo upesi.

Mwana Kupona aliacha hati, na Siti aliacha sahani za santuri, za kwanza zikiwa zimetiwa sauti Bombay mwaka 1928. Kwa desturi ya mitaala yetu, huyu husomwa katika somo la ushairi mkongwe na yule katika somo la muziki, na mwanafunzi aweza kufaulu mitihani yote miwili bila ya kuambiwa kwamba Siti alikuwa na jina jingine.