Mpelelezi na Ajali ya Treni: Anamtafuta Nani?

Hakuna sanaa isiyo na upande. Mchezo wa televisheni unaompeleka mpelelezi kwenye ajali ya treni hauna budi kuamua tangu mwanzo: je, anatafuta mtu wa kumtia pingu, au anatafuta sababu ya watu kufa? Mambo hayo mawili si lazima yawe jambo moja.

Suala hili lilizuka katika semina ya itikadi hapa Ihanja. Kikundi cha vijana kilileta andiko la sehemu moja ya mchezo wa upelelezi, kwa kutumia ajali ya Igandu. Tarehe 24 Juni, 2002, treni ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilishindwa kushika breki mkoani Dodoma. Ilirudi kinyumenyume mteremkoni, ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Reli hiyo hiyo ndiyo inayoingia mkoani kwetu Singida na kupita Manyoni na Itigi. Kwa hiyo hatuzungumzii msiba wa mbali.

Katika andiko lao, vijana wamebuni mhujumu. Tajiri anamlipa mtu aharibu breki, mpelelezi anamnasa, mchezo unakwisha. Mtindo huu una asili yake. Willy Gamba, mpelelezi wa riwaya za Elvis Musiba, alipambana na maadui wa ukombozi wa Afrika, na maadui hao walikuwepo kweli. Lakini kuchukua umbo lililofaa vita na kulivisha ajali ya kazini ni kosa la kinadharia. Mhujumu wa kubuni huwasafisha wote: akishafungwa, hakuna tena wa kuulizwa jambo.

Tutazame mfano wa nje. Mwaka 1997, mchezo wa Kimarekani Homicide: Life on the Street ulitoa sehemu iitwayo Subway, iliyoandikwa na James Yoshimura. Mtu amebanwa kati ya treni na jukwaa la stesheni mjini Baltimore. Treni ikisogezwa, atakufa. Ubora wake ni kwamba mpelelezi anaketi na mtu huyo na kuzungumza naye. Abiria wa kawaida anapewa jina, hasira na hofu yake. Hilo vijana wetu wajifunze, kwa sababu katika andiko lao maiti 281 ni mapambo tu ya utangulizi. Lakini upelelezi wa Baltimore unauliza swali moja: alianguka au alisukumwa? Swali hilo linatosha kwa mtu mmoja aliyebanwa. Kwa treni nzima halitoshi.

Mpelelezi wetu aanze na kazi yenyewe. Breki za treni hutumia upepo unaosukumwa na injini kupitia bomba hadi behewa la mwisho. Upepo ukipungua bombani, breki hushika kwa nguvu ya akiba iliyomo katika kila behewa. Lakini treni ikisimama mlimani muda mrefu, akiba nayo huvuja, na breki huachia. Ndiyo maana ziko breki za mkono na vizuizi vya kuwekwa chini ya magurudumu. Hapo maswali ya tamthilia yanajitokeza yenyewe. Nani alipima breki kabla ya safari? Fundi aliomba vipuri lini, na ombi lake lilikwama meza ya nani? Mfanyakazi akiona hatari, ana uwezo wa kuizuia treni isiondoke?

Vijana wawili walipinga: tukisema kosa ni la mfumo, si tutakuwa tumewaficha wazembe? Hoja hiyo ni nzito, na lazima tukubali kukosolewa. “Mfumo” nao unaweza kuwa kichaka. Lakini mfumo una watu, na kila mtu ana sahihi yake kwenye karatasi fulani. Mpelelezi mzuri hufuata karatasi hizo kutoka chini hadi juu, wala hasimami kwa dereva kwa sababu tu dereva ndiye aliye karibu.

Wajibu wa msanii wa umma si kuwatuliza watazamaji kwa pingu. Vijana wa Ihanja wamekubali kuliandika upya andiko lao. Safari hii tukio la kwanza litakuwa karakanani, siku moja kabla ya safari.