Juu ya Neno "Nafsi" na Mafundisho ya Dini katika Shule za Sekondari

Kwa miaka mingi tumefundisha dini katika madarasa ya sekondari, na mara nyingi tumefurahi kuwasikia wanafunzi wakijibu kwa sauti moja ya kwamba katika Mungu mmoja mna Nafsi tatu. Jibu ni sahihi. Lakini jibu sahihi kinywani si dalili ya maana sahihi moyoni. Jambo hilo twataka kulionyesha hapa, tukianza na kosa letu wenyewe.

Siku moja kijana wa kidato cha pili alituuliza: "Mwalimu, je, Baba ni nafsi ya kwanza kwa sababu ndiye asemaye, na Mwana ni ya pili kwa kuwa ndiye aambiwaye? Na Roho Mtakatifu ni ya tatu kwa kuwa hayupo, anasemwa tu?" Darasa likacheka, nasi tukacheka. Tukamwambia asichanganye sarufi na dini, bali akariri jibu lake. Akaketi, wala hakuuliza tena mwaka ule.

Baadaye tulitambua ya kuwa hakupotea kama tulivyodhani. Katika somo la Kiswahili alikuwa amefundishwa kwamba nafsi ya kwanza ni mimi, ya pili ni wewe, ya tatu ni yeye. Neno ni lile lile. Nani alimwambia kwamba limebadilika maana alipofungua kitabu kingine? Tena Tertullian wa Carthage, mwanzoni mwa karne ya 3, alipoandika dhidi ya Praxeas, aliyefundisha ya kuwa Baba na Mwana ni yule yule, alipita njia iyo hiyo. Aliitazama Zaburi ya 110, akauliza ni nani asemaye, nani aambiwaye na nani anenwaye. Na kwa hayo akaonyesha ya kwamba Baba siye Mwana. Tofauti ni kwamba kwake Roho ndiye anenaye habari za Baba na Mwana, wala si mtu asiyekuwapo. Kama tungalimpa kijana jambo hilo moja, angalisahihishwa pasipo kuaibishwa.

Wala si neno hilo peke yake. Twafundisha ya kwamba Kristo yumo katika maumbo ya mkate na divai. Mtoto aliyejifunza hesabu tangu shule ya msingi ajua umbo ni mraba, duara na pembetatu. Basi hajui ya kuwa rangi, ladha na harufu vimo pia katika neno hilo. Na "neema" kwa mkulima ni mvua njema na ghala iliyojaa. Asiyefafanuliwa ataona kwamba aliyejaa neema ni tajiri, na maskini amenyimwa. Naye akiwasikia wahubiri waahidio mali, atadhani wanasema yale yale tuliyomfundisha. Hapo kilicho hatarini si lugha tena, bali imani.

Wako wasemao tufundishe kwa Kiingereza, kwa kuwa ndicho lugha ya masomo mengi ya sekondari Tanzania. Hatukubali. Neno la Kiingereza litumikalo badala ya nafsi lamaanisha pia mtu, na mwanafunzi atahesabu watu watatu. Kila lugha imepata taabu hii. Augustino, katika kitabu chake juu ya Utatu, alikiri kwamba Walatini walisema hivyo ili wasinyamaze kabisa, wala si kwa kuwa neno latosha. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, katika namba 251, yaeleza kwamba Kanisa lilitwaa maneno yenye asili ya falsafa, likayapa maana mpya.

Hatusemi majibu ya kukariri yaachwe. Hayo ni mbegu njema. Twalaumu kuiacha mbegu ghalani. Tangu kidato cha kwanza, kila neno kubwa liulizwe kwanza: nyumbani lina maana gani, darasani lina maana gani, na Kanisa lalitumiaje? Kisha mwanafunzi aseme jibu kwa maneno yake mwenyewe, mwalimu akisikiliza. Na likitokea swali la kuchekesha, tulipime kabla ya kucheka. Huenda mwenye kuuliza anapita mahali walipopita mababa wa Kanisa.