Ubavu wa Herufi: Jina la Busia Linavyopewa Unene kwa Krita

Mwenye kupita Busia na Malaba, ambako malori yaendayo Uganda husimama kwa misururu mirefu yakingoja kuvuka mpaka, hakosi cha kusoma: majina na dua juu ya vioo vya mbele, nasaha kwenye mipira ya kuzuia matope, na mabango ya maduka kando ya barabara, na aghalabu herufi zinazovuta jicho ni zile zilizopewa ubavu. Sanaa hiyo, ambayo mafundi wa brashi waliifanya kwa rangi mbili au tatu, leo hufanywa pia kwa kompyuta, na programu ya Krita, ambayo haina malipo na ikishawekwa haihitaji intaneti, yatosha kabisa. Nakusudia kuonyesha, kwa jina BUSIA, kwamba unene wa herufi hautoki katika kitufe bali katika ubavu uliofanyiwa hisabu na kutii nuru moja.

Kwanza huandikwa neno kwa herufi kubwa, nene, zilizoachana kuliko desturi, kwa kuwa ubavu utakula sehemu ya nafasi iliyo baina yao. Kisha maandishi hugeuzwa kuwa tabaka la kawaida la rangi, yakanakiliwa, na nakala ya chini ikapakwa rangi iliyokoza zaidi. Hiyo ndiyo itakayokuwa ubavu. Wengi huirudufu na kuisogeza pikseli moja moja mpaka mkono uchoke, ilhali ipo njia fupi: inakiliwe, isogezwe pikseli 1 kulia na 1 chini, ziunganishwe, kisha kilichopatikana kinakiliwe na kusogezwa 2, halafu 4, halafu 8, halafu 16, kila mara vikiunganishwa. Kwa marudio matano tu ubavu hufika kina cha pikseli 31 bila pengo, kwa sababu kila hatua huongeza maradufu nakala zilizolala ndani ya tabaka moja, hata zikatimia 32.

Mwanagenzi achoraye kwa mkono huweka ubavu nje ya herufi tu, akasahau matundu. Katika B unene hauna budi kuonekana pia ndani ya matundu yake mawili, ukishika upande wa kushoto na wa juu wa kila tundu. Katika U, mguu wa kushoto huonyesha ubavu wake ndani ya bonde la herufi. Nakala zilizosogezwa huyatimiza hayo zenyewe. Lakini zinajua umbo, hazijui nuru. Kwa hiyo ubavu unaoelekea kulia na ule unaoelekea chini hutoka na rangi moja, na unene wote ukaonekana kuwa kivuli kizito tu.

Ndipo brashi inapohitajika. Uwazi wa tabaka la ubavu hufungwa ili rangi isimwagike nje ya umbo, kisha nyuso zote zinazotazama chini huongezwa giza, na zile za kulia huachwa na rangi ya kati. I humalizika kwa mipaka iliyonyooka. S ndiyo mtihani, maana mgongo wake hugeuka polepole kutoka kulia hadi chini, na giza lapaswa kugeuka nao bila mstari wa kukata. Nuru itokayo juu kushoto ni mapatano ya wachoraji. Lakini kuuzidishia giza uso wa chini kuna hoja ya ziada hapa, kwa kuwa Busia haifiki nusu digrii kaskazini ya Ikweta, na jua la adhuhuri, hasa mwezi Machi na Septemba, huwaka karibu na utosi, likaacha kivuli chini ya kila kitu kilichojitokeza ukutani.

Krita ina athari za tabaka zilizo tayari, zenye kutia mteremko kwenye kingo na kivuli nyuma, nazo hupendeza kiooni. Ila mng'ao wa pikseli chache humpotea mtu atazamaye kutoka ng'ambo ya barabara, ilhali ubavu mpana wenye rangi mbili dhahiri husalia. Zitumiwe mwisho, tena kwa uchache. Kabla ya kuchapa, picha ipunguzwe hata ilingane na ukucha: matundu ya B yakiwa yamezibika, iachwe hatua ya mwisho, ubavu urudi pikseli 15, kwani bango lisilosomeka, hata likiwa na unene wa namna gani, halijamfaa mwenye duka.