Hilux Ikipanda, Vali ya Breki Isisahaulike

Kuinua Hilux kwa milimita 50 ni kazi ya mwisho wa wiki kwa mtu mwenye jeki mbili, stendi imara na rafiki asiyechoka kumulika tochi. Vigo, toleo lililoingia sokoni kuanzia 2004, ni mfano mzuri: mbele lina springi za koili zilizovishwa kwenye shokapu, nyuma lina springi za vyuma bapa zilizobebana juu ya ekseli. Seti za Old Man Emu za kampuni ya ARB ya Australia, na nyingine za aina hiyo, hulenga milimita 40 hadi 50.

Kinachopanda ni bodi na chesisi. Difu la nyuma halisogei hata kidogo, kwa sababu limo ndani ya ekseli na ekseli imebebwa na tairi. Anayetaka difu lipite juu ya jiwe anunue tairi kubwa, na hata hapo kipenyo kikiongezeka milimita 50, difu litapanda 25 tu.

Mbele, njia ya mkato ni spesa. Ya milimita 25 ikikaa juu ya shokapu huinua gari karibu milimita 50, maana shokapu imefungwa katikati ya mkono wa chini, mbali na tairi. Wasiojua hesabu hiyo hununua spesa nene mno. Anayebadilisha koili yenyewe lazima aibane kwanza, na koili iliyobanwa ikichomoka huvunja mkono. Kibanio cha kuazima chenye hesi zilizolika si cha kuaminiwa. Shokapu ipelekwe gereji yenye mashine ya kubania, kisha irudishwe nyumbani kufungwa.

Boliti za bushi zikazwe kwa vidole tu wakati gari linaning'inia. Spana ya nguvu isubiri tairi ziguse ardhi. Zikikazwa hewani, mpira hubaki umejisokota kila gari linapokaa, na huchanika mapema. Nyuma, yubolti za zamani zisirudishwe, zimekwisha kuvutika. Mpya nazo zikazwe tena baada ya safari za mwanzo, kwa kuwa springi hujikalia.

Jambo linalorukwa sana liko juu ya ekseli ya nyuma. Hilux nyingi zisizo na ABS zina vali ya breki iliyofungwa kwenye chesisi, yenye fimbo nyembamba inayoshuka hadi kwenye ekseli. Gari likipakiwa, mkia hushuka, fimbo husogea, na vali huachia nguvu zaidi ya breki iende nyuma. Gari likiwa tupu, vali huipunguza ili tairi za nyuma zisijifunge na gari likayumba. Sasa mkia uinuliwe milimita 50: vali inasoma mzigo mdogo kuliko uliopo. Mwenye gari anapakia saruji, anateremka mlima, breki za mbele zinabeba karibu kazi yote na gari linachelewa kusimama. Hakuna taa inayowaka kwenye dashibodi. Dawa yake ni kipande cha chuma kinachopandisha mahali fimbo inapofungwa kwenye ekseli, kwa kimo kilekile gari lilichopanda. Si kila seti huja nacho. Mafundi wa kuchomelea wanakitengeneza bila shida. Papo hapo, hozi ya breki iangaliwe ekseli ikiwa imeshuka kabisa: ikinyooka na kukaza, ni fupi.

Bado alaimenti. Mikono ya mbele ikibadili pembe, tairi huinama na kuanza kula upande mmoja, na draivushafti hufanya kazi kwa pembe kali inayochosha mipira yake ya grisi. Ndiyo maana wanaotaka kuvuka milimita 50 hulazimika kununua mikono mipya ya juu, na alaimenti ifanywe na fundi mwenye mashine ya kupimia.