Wimbo, Kicheko na Nasaha: Hoja Juu ya Usiku wa Burudani, Ukambani na Nairobi

Wahakiki wa fasihi yetu wamezoea kuyatenga mambo matatu: wimbo huwekwa upande wa ushairi, kicheko upande wa maigizo, na hotuba pengine haihesabiwi kuwa sanaa. Mgawanyo huo huo waonekana katika usiku wa burudani jijini Nairobi. Bendi hupiga, mchekeshaji hupanda jukwaani, kisha msemaji hutoa nasaha, kila mmoja kwa zamu yake. Makala haya yanadai kwamba mgawanyo huo una gharama, na kwamba mara nyingi anayeilipa ni mtu wa mahali kama Kasikeu.

Kasikeu iko Makueni, si mbali na Sultan Hamud, mji ulio kwenye reli na barabara kuu ya Mombasa. Wakamba wanazo nyimbo ziitwazo myali, ambazo kazi yake kubwa ni kukemea. Katika myali ni vigumu kusema hapa umekoma muziki na hapa kimeanza kichekesho. Fanani hulitaja kosa, hadhira hucheka, na kicheko chenyewe ndicho nasaha. Tena anayekemewa si mtu wa mbali. Ni mwanajamii ambaye fanani ataendelea kuishi naye. Kwa hiyo ulimi hauna budi kupimwa.

Santuri ilipoingia, ilimwondolea fanani hadhira iliyo mbele ya macho yake, na mara nyingi iliukata wimbo vipande viwili, upande huu na upande huu. Hata hivyo umoja wa sanaa haukuvunjika. Kakai Kilonzo, kiongozi wa Kilimambogo Brothers aliyefariki mwaka 1987, aliimba kwa Kikamba na kwa Kiswahili, na katika benga yake ngoma, kisa na onyo vilikwenda pamoja.

Umoja huo ulilegea pale kicheko kilipopewa jukwaa lake peke yake. Hatusemi kwamba jambo hilo ni baya lote. Kundi la Redykyulass, mwishoni mwa utawala wa Rais Moi uliokoma mwaka 2002, liliyaiga matamshi ya mkuu wa nchi mwenyewe. Hapo kicheko kilimwelekea mwenye nguvu, nacho kikawa kemeo kwa maana kamili ya myali. Lakini mchekeshaji anapoiga lafudhi ya Mkamba wa kawaida ili ukumbi ucheke, ni kosa gani linalokemewa?

Hapa mwanaisimu hana budi kuingia. Kikamba hakina sauti r katika mfumo wake wa asili, na sauti b, d na g hutokea zikitanguliwa na sauti za puani, kama katika mb, nd na ng. Tena kina irabu saba, ambapo Kiswahili sanifu kina tano. Basi Mkamba atamkapo l mahali pa r, hafanyi hivyo kwa ujinga, anaifuata kanuni. Kuicheka kanuni ya lugha ni kumcheka mtu kwa kuwa amezaliwa mahali fulani, na mtu huyo hayumo ukumbini apate kujibu.

Tunapendekeza, kwa hiyo, vipimo viwili vya uhakiki. Kwanza, usiku wa burudani utazamwe kama kazi moja, wala usikatwekatwe kwa ajili ya vitengo vya vitabu. Mkusanyo wa John Mbiti wa mwaka 1966 ulituhifadhia ngano za Wakamba. Kazi iliyo mbele yetu ni kuuhifadhi usiku mzima, pamoja na vicheko, vigelegele na majibu ya hadhira. Pili, kila kichekesho kiulizwe: kinamcheka nani, kwa kosa gani, na je, anayechekwa anayo nafasi ya kujibu? Kichekesho kisichoweza kuyajibu maswali hayo chaweza kuujaza ukumbi, lakini mbele ya myali ya Ukambani kitabaki kuwa sanaa iliyopungukiwa.