Premio, Axio au Belta: Gari Dogo la Kuhimili Barabara ya Maneromango

Anayenunua gari la kuishi nalo Maneromango ananunua gari la barabara mbili. Ya kwanza ni lami: unatoka Dar es Salaam, unapanda vilima vya Pugu, unafika Kisarawe mjini. Ya pili inaanzia hapo kuingia ndani ya wilaya, takriban kilomita 50, na lami yake imekuwa ikijengwa kipande kwa kipande. Palipobaki changarawe na udongo, kiangazi ni vumbi na mikunjo midogo midogo inayotikisa gari zima. Masika ni utelezi na madimbwi. Ushauri mwingi unaotolewa na madalali na vijiweni unaifaa barabara ya kwanza tu: bei, rangi, ukubwa wa injini, mwaka wa kutengenezwa. Uchambuzi huu umeanzia barabara ya pili.

Nilichokipata ni kwamba ukiyapima magari haya kwa barabara hiyo, tofauti nyingi zinazotajwa sokoni zinafutika. Zinazobaki na uzito ni tatu: gia boksi, ukuta wa tairi, na maisha ambayo gari lenyewe limepitia kabla ya kukufikia.

Yaliyolinganishwa

Nimechukua magari ya saluni ya Toyota yanayopatikana kwa wingi kwenye yadi na mkononi: Premio ya zamani iliyotengenezwa kuanzia 2001 hadi 2007, Premio mpya iliyoanza 2007, Corolla Axio ya 2006 hadi 2012, na Belta ya 2005 hadi 2012. Allion ni pacha wa Premio kwa karibu kila kitu kilicho chini ya bodi, kwa hiyo yatakayosemwa juu ya Premio yanaihusu pia. Nissan Tiida Latio nimeiacha nje kwa sababu ya vipuri. Fundi wa kijijini amezizoea zaidi injini za Toyota, na kipuri kikikosekana ni rahisi kukipata Ilala au Gerezani na kukipakia kwenye basi.

Premio zote mbili na Axio zinapatikana na injini ileile, 1NZ-FE ya lita 1.5, ambayo imo pia kwenye IST, Raum, Spacio, Probox na Sienta. Inatumia cheni ya taimingi badala ya mkanda, na ni vigumu kumkuta fundi asiyeijua. Belta ina injini mbili za kawaida: ya lita 1.3, na ya sentimita za ujazo 996 yenye silinda tatu.

Injini ya kuepuka katika kundi hili ni ile ya lita 2.0 kwenye Premio ya zamani, ambayo mafundi wanaiita D4. Mafuta hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya presha kubwa, na pampu hiyo haivumilii mafuta machafu. Usitegemee maneno ya muuzaji. Soma namba ya chesisi: NZT240 ni Premio ya zamani ya lita 1.5, ZZT240 ni ya 1.8, AZT240 ndiyo D4. NZT260 ni Premio mpya ya 1.5, NZE141 ni Axio ya 1.5, SCP92 ni Belta ya 1.3 na KSP92 ni Belta ya 996. Herufi hizo tatu na namba zake zinakuambia kilicho chini ya boneti kabla hujaifungua.

Kodi: tofauti ndogo kuliko inavyodhaniwa

Wengi huchagua injini ndogo wakiamini wanakwepa kodi. Tupige hesabu kwa anayeagiza Japani, kwa viwango vilivyozoeleka miaka ya karibuni. Ushuru wa forodha ni asilimia 25. Ushuru wa bidhaa ni sifuri kwa injini isiyozidi 1,000 na asilimia 5 kwa injini kati ya 1,001 na 2,000. Juu yake unakuja ushuru wa uchakavu: asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, asilimia 30 kwa gari lililozidi miaka 10. Mwisho ni VAT ya asilimia 18. Ushuru wa bidhaa na ule wa uchakavu kila mmoja unapigwa juu ya thamani ya gari pamoja na ushuru wa forodha, na VAT inapigwa juu ya jumla ya vyote.

Chukua gari ambalo TRA wamelithamini kwa shilingi 100, likiwa limezidi miaka 10. Axio ya 1.5 itafikia karibu shilingi 199, na Belta ya 996 karibu 192, kabla ya tozo ndogo kama ya reli. Umejibana kwenye injini ya farasi 71 badala ya 109 ili kuokoa shilingi 7 katika kila 199. Umri ndio wenye nguvu: Axio au Premio ya 1.5 ambayo haijafikisha miaka 8 ingeishia karibu 155. Tatizo ni kwamba Belta na Axio za kizazi hiki zote zimeshapita miaka 10. Kwa hiyo mwenye bajeti ndogo hujikuta kwenye soko la mkononi, akitafuta gari ambalo kodi yake ilishalipwa na mwenzake. Sehemu iliyobaki imeandikwa kwa ajili yake hasa.

Uvungu: yote yako sawa

Swali la kwanza la mtu wa Maneromango huwa moja: gari liko juu au chini? Kwa vipimo vya kiwandani, magari haya yote yana uvungu wa kati ya sentimita 15 na 16. Lakini uvungu peke yake hausemi kama tumbo litagonga tuta, kwa kuwa umbali kati ya tairi za mbele na za nyuma nao unahusika. Premio ina sentimita 270, Axio 260, Belta 255. Ukikokotoa pembe ya mgongo wa tuta ambao gari linaweza kuuvuka bila kugusa, Premio inapata digrii 13.5, Axio 13.6, Belta 13.4. Hakuna dereva atakayeihisi tofauti hiyo.

Kinachobadilisha mambo ni mzigo. Gari likishushwa sentimita 4 na abiria watano na gunia la korosho kwenye buti, pembe ya Premio inaporomoka hadi digrii 10 hivi. Mzigo wa buti uko nyuma ya ekseli, kwa hiyo unakandamiza springi za nyuma kuliko uzito wake unavyoonyesha mizanini. Springi zilizochoka zinamwondolea mnunuzi sentimita nyingi kuliko anazoweza kupata kwa kuhama kutoka Belta kwenda Premio. Wanaonyanyua gari kwa kuweka spesa juu ya springi wanapata nafasi, ila ekseli za mbele zinakaa kwa pembe kali zaidi, na vikombe vyake huisha mapema.

Ukuta wa tairi

Hapa ndipo tofauti ya kweli inapoanza. Premio ya zamani ya lita 1.5 ilitoka kiwandani na tairi za 185/70 R14. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni asilimia ya upana huo inayofanya ukuta wa tairi. Ukuta wake basi ni karibu milimita 130. Belta yenye 165/70 R14 ina milimita 116. Ukuta huo ndio unaopokea jiwe kabla ya rimu, na ndio unaopunguza kishindo kabla hakijafika kwenye shokapu, bushi na stelingi.

Sokoni utakutana na magari mengi yaliyofungwa rimu kubwa za kupendezesha. Premio iliyowekwa 205/50 R16 imebaki na ukuta wa milimita 103, na kwa kuwa kipenyo cha tairi nzima ni karibu kilekile, gari halikunyanyuka hata milimita moja. Mwenye gari amelipia urembo kwa kuondoa karibu moja ya tano ya kinga yake. Ukilipenda gari la namna hiyo, ingiza gharama ya rimu za 14 au 15 kwenye bei unapojadiliana.

Gia boksi

Premio ya zamani ya 1.5 ina gia boksi ya otomatiki ya kawaida, hatua nne. Premio mpya, Axio na Belta nyingi zina CVT, ambayo haina hatua za gia. Kuna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili zinazobadilisha upana. Kwenye lami CVT inaokoa mafuta na safari ni laini. Kwenye mchanga na tope hali ni tofauti. Tairi zinazunguka bure, kisha zinashika ghafla, na mshtuko huo unaupata mkanda. Gari likijikwamua kwa muda mrefu, oili yake nayo inapata moto mkali.

CVT inataka oili yake maalumu. Ikimwagiwa oili ya kawaida ya otomatiki (ATF) na fundi asiyejua, umeanza kuiua. Na ikifa, kwa kawaida haifunguliwi ikatengenezwa. Inanunuliwa nyingine ya mtumba ambayo nayo huijui ilikotoka. Gia boksi ya hatua nne inavumilia zaidi, na mafundi wanaoweza kuifungua ni wengi.

Je, akiba ya mafuta inalipa hatari hiyo? Tuseme unatembea kilomita 1,000 kwa mwezi, Premio ya zamani ikipata kilomita 12 kwa lita na Axio ikipata 15. Axio inaokoa lita 17 kwa mwezi. Kwa lita moja ya shilingi 3,000, hiyo ni kama shilingi 50,000 kwa mwezi, 600,000 kwa mwaka. Badilisha bei kila EWURA wanapotangaza bei kikomo mpya, Jumatano ya kwanza ya mwezi, na hesabu itabaki na umbo lilelile. Ikiwa Axio inauzwa shilingi milioni 4 zaidi, utahitaji zaidi ya miaka sita kuzirudisha, na gia boksi isiharibike hata mara moja.

Gari lenyewe

Baada ya kuchagua aina, kazi kubwa ndiyo inaanza, kwa sababu Axio mbili za mwaka mmoja zinaweza kutofautiana kuliko Axio na Premio. Lipandishe gari juu, uangalie chini ya sampu, ekzosi na kingo za chesisi: mikwaruzo mirefu na welding mpya zinaeleza gari lilikuwa likiishi wapi. Tikisa lowaamu, angalia bushi na vikombe vya ekseli. Liwashe likiwa baridi, uendeshe mpaka lipate moto, kisha simama kwenye mlima na uondoke polepole. CVT inayochoka itatetemeka au kulia hapo, hata kama mtaani ilikuwa kimya. Mlima wa Pugu unatosha kwa jaribio hilo, na kipande chochote cha changarawe kitakueleza hali ya shokapu.

Mwisho ni karatasi. Jina kwenye kadi ya gari lilingane na la anayekuuzia, namba ya chesisi isomwe kwenye bodi yenyewe, na faini za barabarani zikaguliwe kwenye mfumo wa polisi kabla hujatoa hata shilingi ya utangulizi.

Uamuzi

Kwa mtu ambaye sehemu kubwa ya safari zake iko kati ya Kisarawe na Maneromango, chaguo langu ni Premio ya zamani yenye chesisi ya NZT240, tairi za 14 na springi nzima. Inakula mafuta zaidi kidogo, na inarudisha gharama hiyo kwa gia boksi inayotengenezeka. Anayelala Kisarawe mjini au Kibaha na kuingia vijijini mara chache ataridhika zaidi na Axio, mradi awe na uthibitisho wa oili iliyowekwa kwenye CVT. Belta ya 1.3 inamfaa mtu mmoja au wawili wa lami. Ile ya 996 isipakiwe familia kupanda Pugu.

Na kama umebakiwa na fedha ya kuongeza juu ya bei, usiitumie kuhamia gari la mwaka wa mbele zaidi. Fungia nayo shokapu, springi na tairi zenye ukuta mrefu kwenye gari ulilokwisha kulikagua. Kwa barabara hii, fedha hiyo itakupeleka mbali kuliko namba mpya ya usajili.