Kinyozi, Wembe na Sufuria Iliyozaa

Mtoto wa Kipemba hukutana na wembe kabla hajajijua. Siku ya saba, akika yake ikichinjwa, nywele alizozaliwa nazo hunyolewa, hupimwa, na sadaka ya fedha hutolewa kwa uzito wake. Siku hiyo hana habari. Vita huanza miaka michache baadaye, baba anapomshika mkono kumpeleka kibandani kwa kinyozi, naye akaanza kulia tangu njiani.

Huko Msuka, wilaya ya Micheweni, kibanda cha kinyozi hakina mambo mengi: kiti, kioo, shuka, poda, spiriti, nyembe. Lakini kinyozi anayewaweza watoto ana zana nyingine asiyoiweka mezani, nayo ni hadithi. Hasimulii kwa kujifurahisha. Anasimulia ili kichwa kitulie.

Ukimwangalia vizuri utaona jinsi mdomo na mkono vinavyopokezana. Akisema "Paukwa!", mtoto lazima aitikie "Pakawa!", na kila anayeitikia kwa nguvu hutikisa kichwa. Kwa hiyo wembe huinuliwa kwanza, ndipo wito utoke. Kinyozi mwenye pupa husahau hilo mara moja tu.

Chukua kisa cha Abunuwasi na sufuria. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, kisha anairudisha na kijisufuria ndani yake: imezaa! Jirani anapokea vyote viwili, wala hadadisi. Hapo upande wa kulia umekwisha, mtoto ametoa macho, na kichwa kinageuzwa bila ubishi. Abunuwasi anaazima tena. Safari hii siku zinapita, sufuria haionekani. Wembe unazunguka nyuma ya sikio, pahali pabaya kuliko pote, na sauti ya msimulizi inashuka ili mtoto atege sikio hilohilo bila kujitingisha. Jawabu la Abunuwasi, kwamba sufuria imefariki, na kwamba aliyekubali uzazi hana budi kukubali na mauti, halitolewi mpaka wembe uwekwe chini na poda ianze kupakwa shingoni. Kicheko cha mtoto ni hatari kuliko kilio chake.

Wasomaji wa Alfu Lela Ulela wanamjua kinyozi wa Baghdad, aliyeitwa amnyoe kijana mwenye haraka ya kwenda kuonana na binti wa kadhi. Badala ya kunyoa, akatoa chombo cha kupimia jua, akahesabu saa njema, akaropoka mpaka miadi ikaharibika na kijana akaishia kuwa kiguru. Na mwenyewe alijisifu kwamba ni mtu wa kimya! Yule alikuwa na maneno yasiyo na kipimo. Wa Msuka hukata kisa kwa urefu wa kazi: kichwa kidogo, kisa kifupi.

Wavulana wakubwa kidogo hupewa Mkama Ndume, mtawala wa Pujini, ambaye masimulizi yanasema aliwabebesha watu mawe vichwani huku wakisota kwa makalio, na akajenga ukuta kisimani ili wake zake wawili wasionane. Ushahidi wa kwamba zamani ilikuwapo kweli hauko mbali nao: kwenye mihirabu ya msikiti uliobaki gofu wa Msuka Mjini pamechorwa mwaka 816 wa Hijria, unaoangukia 1413 na 1414 Miladia.

Ubishi huzuka mtoto akitaka kiduku. Baba hataki, mwalimu wa chuo cha Kurani atamkemea, maana Mtume alikataza kunyoa sehemu ya kichwa na kuacha nyingine. Kinyozi habishani na yeyote. Anaendelea na kisa, na mtoto anapokumbuka kiduku chake, kichwa kimeshalingana.

Mwaka 2010 Pemba iliunganishwa na umeme wa Tanzania Bara kwa waya uliopitishwa chini ya bahari, na mashine za kunyolea zikapata nguvu. Mashine haikati ngozi kirahisi kama wembe, lakini hunguruma, na ngurumo humeza maneno. Anayeipenda kazi yake huizima kila kisa kinapofika patamu, akamaliza sentensi, kisha akaiwasha tena. Foleni inasubiri, na waliomo kwenye foleni hawalalamiki, kwa sababu nao wanataka kujua Abunuwasi alimjibu nini jirani.